Kutoona na Kunyimwa Kuona

Swali la kama kiumbe asiyeona amepungukiwa na kitu limejadiliwa tangu zama za Wayunani, na karibu kila mara limeulizwa kuhusu binadamu. Hata hivyo swali hilo huwa jepesi kulipima likiulizwa kuhusu samaki, kwa kuwa samaki hana wa kumwonea huruma, hakuna anayemwombea dua wala kumtungia methali, na kwa hiyo anayemzungumzia hulazimika kuyachunguza maneno yake kabla ya kuyatumia. Kati ya samaki wanaofugwa katika matangi ya kioo wapo wa aina moja wasio na macho kabisa, wenye mwili wa rangi ya waridi iliyopauka na ngozi laini iliyofunika mahali ambapo macho yangekuwa. Nao huzunguka tangi mchana na usiku bila kukigonga kioo, hupenya katikati ya mawe na magugu, na chakula kinapodondoshwa hawachelewi kukifikia. Lugha ya kila siku huwaita vipofu. Linalochunguzwa hapa ni kama jina hilo ni la haki, na, ikiwa si la haki, ni kiumbe gani basi anayelistahili.

Asili ya samaki hao inajulikana. Mwaka 1936 walikamatwa katika pango la La Cueva Chica, jimbo la San Luis Potosí nchini Mexico, wakapelekwa Texas kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, na kutoka hapo uzao wao ukasambaa madukani duniani kote. Jamaa zao wenye macho wangali wakiogelea katika mito ya juu ya ardhi, na wa pangoni akikutanishwa na wa mtoni huzaana naye, jambo linalowafanya wataalamu wengi wa elimu ya viumbe wawahesabu kuwa aina moja, Astyanax mexicanus. Afrika nayo ina wa kwake, ingawa hawajulikani sana hata kwa wasomi wa huku. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, magharibi mwa Kongo, anaishi Caecobarbus geertsii, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1921, ambaye leo biashara yake inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Katika maporomoko ya Mto Kongo, chini ya Kinshasa, yupo Lamprologus lethops, samaki wa ukoo mmoja na ngege anayeuzwa katika kila mwalo wa Uganda, lakini asiye na rangi wala macho yanayofanya kazi. Na chini ya ardhi kame ya Somalia, katika maji yanayofikiwa kwa visima, wapo wengine, ambao mmoja wao, Phreatichthys andruzzii, atarejewa baadaye kwa sababu kisa chake ndicho kinachomsumbua mwanafalsafa kuliko vyote.

Samaki wote, wenye macho na wasio nayo, wana kiungo ambacho binadamu hana, nacho ni mstari wa ubavuni, yaani safu ya vijishimo na vifereji inayotoka kichwani hadi mkiani, ambayo ndani yake mna seli zenye vinyweleo vinavyoinama maji yanaposukumwa. Seli hizo ni za namna moja na zile zilizo ndani ya sikio la binadamu, ambazo huugeuza mtikisiko kuwa sauti, kwa hiyo si kosa kubwa kusema kwamba samaki husikia kwa ubavu. Samaki anapoogelea huzungukwa na mkondo anaousababisha mwenyewe, na mkondo huo ukikaribia jiwe au ukuta hubadilika umbo, badiliko ambalo ubavu hulitambua kabla ya mgongano, ingawa kwa umbali wa sentimita chache tu. Kwa samaki wa pangoni vijiungo hivyo ni vikubwa na ni vingi zaidi usoni kuliko vya jamaa yake wa mtoni. Akiwekwa katika tangi geni huogelea kwa kasi, kwa sababu kasi huukuza mkondo na kuufanya usomeke vizuri zaidi, kisha akishalizoea hupunguza mwendo, kama mgeni aliyekwisha kuijua nyumba na vizingiti vyake. Majaribio ya Theresa Burt de Perera wa Oxford, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba samaki hao hukumbuka mpangilio wa vitu vilivyowazunguka, na vitu hivyo vikihamishwa huanza tena kazi ya kukagua. Kwa maneno mengine, wanajua walipo, na wanajua pia pale mahali panapokuwa si pale walipopazoea.

Hapa ndipo hekima ya mitaani huingia na fasiri yake, kwamba Mwenyezi Mungu akikunyima hiki hukupa kile, na kwamba ubavu mwepesi wa kutambua ni fidia ya macho yaliyokosekana. Fasiri hiyo inafariji, lakini haielezi kilichotokea. Kiinitete cha samaki wa pangoni, yaani kiumbe angali ndani ya yai, huanza kujenga macho kama kile cha mtoni. Lenzi hujitokeza, kisha, mapema sana, seli zake huanza kufa, na jicho lote hudumaa na kuzama chini ya ngozi. Yoshiyuki Yamamoto na William Jeffery walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio ambalo walichukua lenzi ya kiinitete cha mtoni na kuipandikiza katika kiinitete cha pangoni, na jicho likakua. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kwamba ishara ya kikemikali inayolidumaza jicho ndiyo hiyohiyo inayopanua taya na kuongeza vijiungo vya kuonjea. Hakuna, basi, mkono uliochukua kwanza na kulipa baadaye, kwa kuwa kupungua huku na kuongezeka kule ni tendo moja linalotazamwa kwa pande mbili. Tena macho yana gharama: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba kwa samaki mchanga wa aina hii mwenye uzito wa gramu moja, macho na sehemu ya ubongo inayoyahudumia hutumia takriban asilimia 15 ya nguvu zote ambazo mwili huzitumia ukiwa umepumzika. Kwa kiumbe wa gizani mwenye chakula haba, macho ni kodi ya nyumba asiyokaa.

Ikiwa hakuna fidia, je, kulikuwa na hasara? Aristotle, katika Metafizikia, alitofautisha namna kadhaa za kukosa kitu, na mfano aliouchagua ni fuko, mnyama achimbaye chini ya ardhi. Mtu asiyeona amekosa kitu ambacho ubinadamu wenyewe unakidai; fuko amekosa kitu ambacho wanyama kwa jumla wanacho, lakini ambacho ufuko haukidai. Wanafalsafa wa Kiislamu walioirithi fikra hiyo waliipa istilahi mbili zinazofundishwa hadi leo katika elimu ya mantiki: malaka, yaani uwezo ambao kitu kinastahili kuwa nao kwa tabia yake, na adam, yaani kutokuwapo kwa uwezo huo pale ulipostahili kuwapo. Ndiyo maana ukuta hauoni na bado hakuna anayeuita kipofu.

Kiswahili kinayo tofauti hiyo ndani ya vitenzi vyake. Kupofuka ni kutoka katika hali moja na kuingia katika nyingine. Aliyepofuka aliwahi kuona, au angalau alitarajiwa kuona. Jina kipofu limewekwa katika ngeli ya ki-vi pamoja na kiziwi, kiwete na kilema, ngeli ya vitu na ya vinavyodunishwa, lakini sarufi yenyewe huikataa dharau hiyo na kumrudishia mwenye jina hadhi ya kiumbe hai, maana husemwa kipofu anakuja, wala haisemwi kipofu kinakuja. Waganda husema muzibe w'amaaso, yaani aliyezibwa macho, kwa mzizi uleule wa kuziba ulioko katika Kiswahili, na kilichozibwa sharti kiwe kilikuwa wazi au kilikusudiwa kuwa wazi. Kwa samaki wa pangoni hakuna kilichozibwa. Yuko tofauti kabisa na samaki wa tangini aliyepoteza macho kwa maradhi au kwa kuumwa na mwenzake: huyo amepofuka kweli, na mfugaji mwenye busara humdondoshea chakula pembe ileile kila siku wala hahamishi mawe, mpaka ubavu ujifunze kazi ambayo macho yalikuwa yakiifanya.

Ugumu wa kumwelewa samaki wa pangoni hautoki kwake. Unatoka katika swali anamotiwa. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliuliza mwaka 1974 kuwa popo ni kuwaje, akafikia hitimisho kwamba maelezo ya mwili wa popo, hata yakikamilika, hayamwambii mtu hali hiyo ikoje kwa popo mwenyewe. Onyo la namna hiyo, tena lenye makali zaidi, lilitolewa miaka michache kabla yake na Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyefundisha Makerere, katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika zinavyosomwa na wasomi wa Magharibi. Alisimulia kwamba wamisionari wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba; lugha ya wazee hao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana hiyo, swali likageuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga, na wazee waliposhurutishwa kujibu wakamtaja Rubanga, pepo aliyeaminiwa kuupinda uti wa mgongo na kumfanya mtu kuwa kibyongo. Jina hilo ndilo likapewa Mungu wa wamisionari. Anayeuliza samaki wa pangoni anajimudu vipi bila macho anafanya kosa la ukoo huohuo, kwa sababu ameyatia macho ndani ya swali kabla ya kumsikiliza anayeulizwa, na jibu lolote atakalolipata litakuwa ni habari za kibyongo.

Lugha za ukanda huu zina njia iliyo wazi zaidi, kama watumiaji wake wangeitilia maanani. Mswahili huona njaa, huona baridi, huona haya. Tena husikia harufu, na husikia kiu. Mganda hutumia kitenzi okuwulira, ambacho maana yake ya kwanza ni kusikia, kwa njaa, kwa maumivu na kwa harufu vilevile. Katika lugha hizi kutambua ni jambo moja lenye milango mingi, na jicho ni mmojawapo wa milango hiyo, ambao hauna hati ya kumiliki nyumba nzima. Denis Diderot alilazimika kuandika waraka mzima mwaka 1749 ili awafahamishe Wafaransa jambo hilo. Ndani yake yumo mtu wa Puiseaux, aliyezaliwa haoni, ambaye alipoulizwa kama angependa kupewa macho alijibu kwamba angeona afadhali apewe mikono mirefu. Jibu hilo lingemfaa samaki wa La Cueva Chica, isipokuwa yeye mikono hiyo anayo tayari.

Samaki wa Somalia anaipeleka hoja mbele zaidi. Inakadiriwa kwamba wahenga wa Phreatichthys andruzzii walitengwa chini ya ardhi kati ya miaka milioni 1.4 na milioni 2.6 iliyopita. Karibu kila kiumbe aishiye juani ana saa ya ndani, yaani mzunguko wa kikemikali unaoendelea mwilini kwa takriban saa 24 na kurekebishwa na mwanga wa kila siku. Samaki huyu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ana saa ambayo haiusikii mwanga hata kidogo, na ambayo mzunguko wake huchukua karibu saa 47. Akilishwa kwa wakati uleule kila siku, saa hiyo hujipanga kufuata chakula. Msomaji wa Kampala, mji ulio karibu na ikweta ambako jua huchomoza karibu saa moja mwaka mzima na ambako Waganda na Waswahili huanza kuhesabu saa kutoka mapambazuko, atatambua uzito wa jambo hili: kwa samaki huyo hakuna mapambazuko ya kuanzia hesabu. Kusema kwamba anaishi gizani ni kusema kwa upande wa msemaji, kwa kuwa giza ni kukosekana kwa mwanga kwa yule aliye na njia ya kuupata, na yeye hana usiku kwa sababu hana mchana.

Lipo pingamizi ambalo halifai kupitwa kimya. Hoja ya Aristotle inategemea aina ya kiumbe kuwa kitu kilichothibiti, chenye madai yasiyobadilika, ilhali samaki wa pangoni ametokana na samaki aonaye. Mwaka 2008 Richard Borowsky wa New York alichapisha matokeo ya kuwazalisha samaki wa Mexico waliotoka katika mapango tofauti: baba hana macho, mama hana macho, na baadhi ya watoto wakaona. Sababu yake inaeleweka, kwani katika kila pango jeni zilizoharibika ni tofauti, na kilichoharibika kwa baba kilikuwa kizima kwa mama. Lakini je, kuona ni katika tabia ya samaki hao au si katika tabia yao? Anayejibu kwamba uwezo uliolala kwa muda mrefu hivyo bado ni malaka atalazimika kukubali kwamba wazazi wote wawili walikuwa vipofu kweli. Jibu lililo imara zaidi ni kwamba kinachodai ni maisha ambayo kiumbe anayaishi, pamoja na mazingira ambayo mwili wake umefungamana nayo, na kwamba kumbukumbu iliyohifadhiwa katika jeni haina dai. Kwa kipimo hicho mtoto aonaye, akirudishwa pangoni, ndiye atakayekuwa na kitu kisicho na kazi, na samaki wa Somalia hapungukiwi na chochote. Jibu hilo lina gharama yake, kwa kuwa linaufanya upungufu kuwa uhusiano kati ya mwili na mahali. Gharama hiyo yafaa ilipwe.

Faida yake huonekana katika theolojia. Augustino na Ibn Sina, kila mmoja kwa njia yake, walifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni kukosekana kwa jema lililostahili kuwapo, na upofu ulikuwa mfano uliopendwa. Ikiwa kutoona kwa samaki wa pangoni si kukosekana kwa kilichostahili, basi hakuna ubaya wa kumtetea Muumba nao, na wale wanaomsikitikia kiumbe huyo wanamtetea Mungu katika kesi ambayo haikufunguliwa. Vitabu vitakatifu navyo havikuwa vyepesi wa kufungua kesi ya namna hiyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wanataka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe haoni, na swali lao linakataliwa. Katika Sura ya Al-Hajj lawama ya upofu inaondolewa machoni na kupelekwa moyoni, na Abdullah bin Umm Maktum, ambaye hakuwa akiona, alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume. Kosa la wanafunzi wale lilikuwa kutafuta mwenye hatia mahali ambapo hayupo. Kosa la pili, lisilohubiriwa sana, ni kutomtafuta mahali ambapo yupo.

Katika Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, wanaishi nkejje, samaki wadogo ambao huko Mwanza huitwa furu, ambao aina zao zilikadiriwa kufikia 500 kabla ya sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kuwapunguza vibaya. Nkejje ni mwiko wa ukoo mmojawapo wa Buganda unaobeba jina lake. Ni samaki wa macho: madume hupambwa kwa rangi kali, na jike humtambua wa aina yake kwa rangi hizo, hasa pale aina mbili zinapofanana karibu kwa kila kitu kingine. Mfano unaojulikana sana ni wa aina mbili ambazo wanasayansi waliziweka katika kundi lenye jina la Kiswahili, Pundamilia: moja ina dume la bluu, na ya pili, Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ina dume jekundu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji ya ziwa yalipochafuka kwa mwani uliorutubishwa na uchafu kutoka nchi kavu, rangi hazikuonekana tena, majike wakashindwa kuchagua, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Na uchunguzi wao wa baadaye katika visiwa vya upande wa Mwanza ulikuta kwamba palipo na maji maangavu, kama Makobe, aina hizo mbili zimebaki mbili, na katika maji ya tope ya Luanso ipo jamii moja tu ya mchanganyiko.

Nkejje wa maji machafu ana macho mazima, lenzi iliyo safi na ubongo uliotayarishwa kupokea nyekundu na bluu. Anastahili kuona, kwa kila kipimo kilichotajwa hapo juu, na haoni. Yeye ndiye muzibe, kwa maana halisi ya neno, kwa sababu kuna kilichomziba. Hata jirani yake kasulubana, ambaye Watanzania humwita domodomo, samaki wa usiku mwenye mdomo mrefu anayetoa umeme hafifu na kupapasa kwa umeme huo vitu vilivyo karibu naye, hapati hasara kubwa hivyo kwa tope, kwa kuwa maisha yake hayakuyategemea macho. Uovu ule ambao Augustino na Ibn Sina walitaka kuueleza haupo pangoni Somalia. Upo ziwani, nao una mtendaji.

Hoja hii isihamishwe kwa haraka kutoka kwa samaki hadi kwa watu wasioona, ambao hawaishi pangoni. Wanaishi katika mji uliojengwa kwa ajili ya wanaoona, wenye mitaro isiyofunikwa na bodaboda zinazopanda njia ya waendao kwa miguu, na Bunge la Uganda lenye viti vitano vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu halijaifunika mitaro hiyo. Linaloweza kuhamishwa ni kipimo tu: kabla ya kuuliza mtu amekosa nini mwilini, iulizwe ni nini kilichokuwa haki yake mahali anapoishi, na ni nani aliyekiondoa au aliyeacha kukiweka.

Kwa upande wa nkejje jibu halihitaji mwanafalsafa. Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya Kampala ukibeba majitaka ya mji, hukatiza kinamasi ambacho kimekuwa kikipungua kwa mashamba na majengo, na huishia katika sehemu ya ndani ya Ghuba ya Murchison. Mitambo ya Ggaba, inayousafishia mji huohuo maji ya kunywa, huyachota katika ghuba hiyohiyo, kilomita chache kutoka mdomo wa mfereji.